Jina lilikuwa la Kiswahili: vijana waliotengeneza Ushahidi, na siku ramani yao ilipofika Kivu

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja 2008, barabara ya kutoka Rutshuru kwenda Goma ilijaa watu. Wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda walikuwa wameshika Rutshuru siku chache mbele, wanajeshi wa serikali walikuwa wamerudi nyuma, na familia zenye magodoro kichwani na watoto mgongoni zilikuwa zimekusanyika Kibati, karibu na mji. Tangu mwezi wa nane mwaka ule, watu karibu 250,000 walikuwa wamehama makwao katika Kivu ya Kaskazini. Tarehe 4 na 5 raia wakauawa Kiwanja. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu wasiopungua 150. Askari wa MONUC walikuwa na kambi yao pale pale, umbali usiofika kilometa moja.

Siku zile zile, ramani moja ya Congo ilifunguliwa kwenye intaneti. Mtu aliyeona mauaji, unyang'anyi au watu wanaokimbia aliweza kutuma mesaji kwa simu yake, au kuandika kwa kompyuta kama anayo, na tukio lile likawekwa kama alama mahali lilipotokea. Walioifungua hawakutumwa na Umoja wa Mataifa wala na serikali yoyote. Walikuwa kikundi kidogo cha vijana, wengi wao Wakenya, waliotawanyika katika nchi na miji mbalimbali. Ramani iliitwa Ushahidi. Msikilizaji wa Kivu hahitaji kufasiriwa jina hilo.

Hata hivyo, katika kambi za Goma ni watu wachache sana waliopata kusikia habari zake. Miezi kumi mbele yake, ramani hiyo hiyo ilikuwa imefanya kazi kubwa Kenya. Programu ilikuwa ile ile, tena ya Congo ilikuwa mpya na bora zaidi. Kuelewa kwa nini huku haikushika, inabidi kurudi nyuma na kuwaangalia vijana wenyewe, jinsi walivyojuana.

Miaka ya 2004 hadi 2007, Kenya haikuwa bado na waya wa intaneti chini ya bahari. Waya wa kwanza ulifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo kila kitu kilipita kwenye satelaiti, polepole na kwa bei kali, na vijana wengi walilipa kwa dakika ndani ya vyumba vya intaneti mjini. Lakini walikuwapo walioandika kila wiki. Daudi Were alikuwa amewakusanya waandishi wa blogu wa Kenya mahali pamoja palipoitwa Kenya Unlimited, ili anayesoma mmoja awaone na wengine. Mwanasheria Ory Okolloh, aliyesomea Harvard, aliandika juu ya siasa, na mwaka 2006 yeye na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, mahali pa kufuatilia wabunge wanasema nini na wanafanya nini. Juliana Rotich aliandika juu ya nishati ya jua na upepo. Erik Hersman, mtoto wa wamisionari Waamerika aliyekulia Sudan na Kenya, aliandika juu ya mafundi wa Afrika wanaotengeneza vitu kwa vyuma vya zamani. David Kobia, mtaalamu wa programu aliyekuwa akiishi Alabama, Marekani, alikuwa msimamizi wa Mashada, barza kubwa ya Wakenya kwenye intaneti, ambapo watu walibishana usiku na mchana.

Kazi ilikuwa ya kubishana, kwa kweli. Mmoja anaandika kwamba ametengeneza kitu fulani, mwingine anamwuliza umeme unatoka wapi, wa tatu anamsahihisha hesabu yake, wa nne anasema huko kwetu kuna fundi aliyejaribu hivyo na kikaungua. Hakuna aliyelipwa. Lakini baada ya miaka miwili ya kusomana hivyo, kila mmoja alijua nani anaongea tu na nani anamaliza kazi aliyoianza. Katika ofisi, jambo hilo linachukua miaka kulijua, na pengine halijulikani kabisa.

Mfano mzuri unatoka Malawi. Kijana William Kamkwamba, wa kijiji kimoja cha wilaya ya Kasungu, aliacha shule ya sekondari kwa kukosa karo, kipindi cha njaa kubwa ya 2002. Alikuwa na miaka 14. Katika maktaba ndogo ya shule ya msingi aliona kitabu chenye picha ya kinu cha upepo. Akatengeneza chake kwa fremu ya baiskeli, dinamo, mabomba ya plastiki na miti, mpaka taa ikawaka nyumbani. Miaka minne hakuna aliyejua nje ya kijiji. Mwishoni mwa 2006 gazeti moja la Malawi liliandika habari zake. Soyapi Mumba, mtaalamu wa kompyuta katika mji wa Lilongwe, na mwenzake wa kazini Mike McKay wakaiandika kwenye blogu zao. Emeka Okafor, Mnigeria aliyekuwa akitafuta watu wa kuzungumza katika mkutano mkubwa, akasoma, akamtafuta kijana. Mwezi wa sita 2007, Kamkwamba alisimama mbele ya watu huko Arusha, Tanzania, katika mkutano wa TEDGlobal. Huko Arusha ndipo alipoonyeshwa intaneti kwa mara ya kwanza maishani. Wakamtafutia neno la kinu cha upepo, zikatokea kurasa bila mwisho, naye alikuwa amekitengeneza chake kwa kukisia kutoka kwenye picha.

Ory Okolloh alizungumza katika mkutano ule ule. Hersman na Rotich walikuwapo. Watu waliokuwa wamesomana miaka mingi walikula meza moja, wakaona sura, wakarudi makwao. Hakuna mradi uliotoka pale siku ile. Nusu mwaka baadaye Kenya ikawaka.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 2007. Matokeo ya rais yalitangazwa tarehe 30, na siku hiyo hiyo serikali ikazikataza radio na televisheni kutangaza habari moja kwa moja. Mauaji yalianza Kisumu, Eldoret, Naivasha, mitaa ya maskini ya Nairobi. Tarehe 1 mwezi wa kwanza kanisa lilichomwa Kiambaa, karibu na Eldoret, likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wameacha nyumba zao.

Okolloh alikuwa Nairobi, akiandika yale watu waliyomtumia. Habari zikawa nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuhakikisha. Usalama wake mwenyewe ulikuwa mashakani, akasafiri kwenda Johannesburg, na tarehe 3 mwezi wa kwanza akaandika ombi: kama kuna wataalamu wa kompyuta wanaosoma, watengeneze ramani inayoonyesha wapi watu wanauawa na wapi wanachomewa nyumba, ili siku moja mtu asiseme haikutokea. Hersman alikuwa Florida. Alisoma, akamtafuta Kobia kule Alabama. Ndani ya siku chache ramani ikafunguliwa. Mtu hawezi kumwamsha mtaalamu asiyemjua usiku wa manane na kumpa kazi ya bure ya wiki nzima. Hawa walijuana.

Ilivyofanya kazi ni rahisi kueleza. Mtu anatuma habari. Mtu mwingine anaisoma, anatafuta mahali penyewe kwenye ramani, anauliza mashirika na watu wa eneo lile kama wamesikia, anailinganisha na habari nyingine. Ikithibitishwa inaandikwa kwamba imethibitishwa, isipothibitishwa inaandikwa hivyo pia. Ugumu uko katika hilo la kuuliza watu wa eneo lile, na hapo wale waandishi wa blogu walikuwa na shangazi, rafiki wa shule, mchungaji, daktari, katika kila mji. Waanzilishi walisema baadaye kwamba watu kama 45,000 waliitumia ramani ya Kenya. Watafiti wa Harvard waliilinganisha na magazeti, wakakuta kwamba ilionyesha mambo katika sehemu nyingi ambazo vyombo vikubwa havikufika.

Barza ile ya Mashada, ambayo Kobia aliisimamia kwa miaka, nayo ina fundisho lake, na si la kufurahisha. Mwezi huo huo wa kwanza 2008 ilijaa matusi ya kabila kwa kabila. Wasimamizi walifuta, matusi yakarudi. Mwishowe Kobia aliifunga, na mahali pake akafungua ukurasa ulioitwa kwa Kiingereza « sina kabila ». Mtu yule yule, mwezi ule ule, alifunga barza moja na kufungua nyingine. Wakongomani wanaojua maneno yanayozunguka leo katika makundi ya WhatsApp wakati wa vita hawatashangaa.

Baada ya Kenya kutulia, vijana hawakutawanyika. Mwezi wa tano 2008 walishinda zawadi ya dola 25,000 katika shindano la NetSquared huko Marekani, kisha wakfu wa Humanity United ukawapa dola 200,000. Ushahidi ukawa shirika. Programu ya kwanza ilikuwa imefanywa kwa haraka, ikaandikwa upya, na mafundi wa kujitolea wakatoka Kenya, Ghana, Malawi, Afrika ya Kusini, Uholanzi na Marekani. Henry Addo alijiunga akiwa Ghana. Kila mmoja alifanya sehemu yake, akaituma, wengine wakaiangalia, wakairudisha na maoni. Mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua bure na kuibadilisha.

Ndivyo ilivyokuwa tayari wakati vita vilipofika mlangoni mwa Goma. Congo ikawa moja ya sehemu za kwanza nje ya Kenya ambako programu hiyo ilipelekwa. Nia ilikuwa njema na haraka ilikuwa ya kweli.

Lakini tuangalie mama aliye Kibati mwezi wa kumi na moja 2008. Simu, kama aliitoa salama, haina umeme. Akipata umeme, unite zimekwisha. Akiwa na unite, namba ya kutuma mesaji imetangazwa kwenye intaneti, na yeye hana intaneti. Wakati ule Congo nzima ilitegemea satelaiti. Waya wa bahari wa WACS ulianza kazi Muanda mwaka 2013 tu, tena Muanda iko upande wa pili wa nchi, zaidi ya kilometa elfu moja na nusu kutoka Goma. Na hata akituma, mesaji haifichwi. Inapita kwenye kampuni ya simu, inabaki ndani ya simu yake, na pale barrière mpiganaji anaweza kumwambia aifungue. Kwa Kiwanja, mesaji moja ya kusema nani ameua ingeweza kuwa hukumu ya aliyeituma.

Kisha kuna swali la nani anaisoma. Mesaji inasema « wameua watu nyuma ya soko ». Soko gani? Katika teritwari ya Rutshuru peke yake kuna masoko mangapi? Ramani za wakati ule zilionyesha barabara kubwa na majina ya miji, na kati yake eneo tupu. Kijana aliye Nairobi au Florida hana shangazi Kiwanja. Hajui kwamba jina moja la kijiji liko mara mbili, wala kwamba watu wanaita kartie kwa jina la mzee aliyekufa zamani. Habari zilizofika kwenye ramani ya Congo zilikuwa chache. Waliokuwa na habari nyingi, yaani wakimbizi wenyewe, viongozi wa vijiji, wauguzi, radio za jamii, hawakuwa sehemu ya urafiki ule uliojengwa kati ya Nairobi, Arusha na Marekani. Waanzilishi wenyewe hawakuficha. Walikuja kurudia mara nyingi kwamba programu ni sehemu ndogo ya kazi, na iliyobaki ni watu.

Wapo wanaosema Congo ilikosa vijana wenye ujuzi. Si haki kusema hivyo. Mwaka 2008 Goma, Bukavu, Bunia na Kisangani zilikuwa na wanafunzi wa kompyuta, wahandisi wa simu, mafundi wa radio waliorusha matangazo kwa jenereta na betri za gari. Walichokosa ni mahali pa bei nafuu pa kuonana kila siku, miaka kadhaa kabla ya vita, na kwa lugha wanayoimudu. Majadiliano ya wenzao yalikuwa kwa Kiingereza. Mhandisi wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa na kuongea Kiswahili alikuwa nje ya mlango, hata kama jina la kitu lilikuwa la Kiswahili.

Miezi kumi na minne baadaye ilionekana kinyume chake. Tarehe 12 mwezi wa kwanza 2010 tetemeko liliangusha Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Saa chache baadaye Patrick Meier na wanafunzi wenzake wa Boston walifungua ramani kwa programu ya Ushahidi. Namba fupi ya simu, 4636, ikatangazwa kwa watu walio kwenye kifusi, na bure. Mesaji zikaja kwa Kikreoli, lugha ambayo mashirika ya msaada hayakuielewa. Waliozitafsiri ni Wahaiti walio nje ya nchi na marafiki zao, zaidi ya watu 1,000 wa kujitolea, wakisoma usiku na kuonyesha ni mtaa gani hasa, kwa sababu waliutembea wakiwa watoto. Mesaji karibu 40,000 zilipita mikononi mwao. Wataalamu walibishana baadaye ramani yenyewe iliokoa wangapi, na ubishi huo haujaisha. Lakini kule kulikuwa na watu waliojua nyuma ya soko ni wapi.

Vijana wengine, wa mradi wa OpenStreetMap, walifanya jambo ambalo lingekuja kuigusa Congo zaidi. Walichukua picha za satelaiti, wakachora barabara za Port-au-Prince moja moja, kila mtu nyumbani kwake, wakaelewana kwa kuandikiana nani anachukua kipande gani.

Nairobi, mwezi wa tatu 2010, watu wa Ushahidi walifungua iHub, ukumbi kwenye orofa ya nne ya jengo moja la barabara ya Ngong. Meza, viti, intaneti ya haraka, kahawa. Wale waliojuana kwa kuandika wakapata mahali pa kukaa pamoja. Mwaka huo huo wasichana kadhaa waliochoka kuwa wachache katika kila chumba cha kompyuta wakaanzisha AkiraChix, kufundisha wasichana wa mitaa ya maskini kuandika programu. Mmoja wa waanzilishi wake, Angela Oduor Lungati, aliingia Ushahidi kama fundi wa programu, na tangu 2019 ndiye mkurugenzi wa shirika zima.

Kwetu mambo yalianza upya mwaka 2014, na safari hii yalianza Lubumbashi. Médecins Sans Frontières walikuwa wanapambana na kipindupindu, na mgonjwa akitaja mtaa wake, hakuna ramani iliyouonyesha. Watu wa kujitolea wa Ulaya walichora paa na barabara kutoka satelaiti. Kisha karatasi zikachapishwa, na vijana wa mji wenyewe wakatembea nazo kwa miguu, wakiuliza na kuandika majina. Mwisho wa mwaka ule kazi hiyo ikapewa jina la Missing Maps na kuenea nchi nyingine, pamoja na Msalaba Mwekundu.

Miaka minne baadaye, tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni. Iliendelea mpaka mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Waliofuatilia waliogusana na wagonjwa walihitaji kujua nyumba iko selile gani, avenyu gani, ili wasigonge mlango usio wake katika mji ambao watu walikuwa na hasira na woga. Ramani za Beni, Butembo na Katwa zilijazwa wakati huo, tena na watu wawili wawili wasioonana, mmoja mbali akichora paa, mwingine hapa nchini akijua jina. Hakuna satelaiti inayoona jina la avenyu.

OpenStreetMap RDC iko hadi leo, na vijana wake wanaandikiana kwa Kifaransa, wakichanganya na Lingala na Kiswahili kama wanavyoongea. Kufungua akaunti ni bure. Anayeanza hupewa mraba mdogo wa ramani, pengine kijiji ambacho familia yake ilikihama, achore njia na nyumba anazoziona kwenye picha. Akimaliza, mwenye uzoefu anapitia mraba ule, na akikuta kosa anamwandikia: hapa umechora mto, ni barabara, rudia.